Melimeli ya Bi Tatu na Kilio Changu

Mwenzenu leo nimepatikana! (Natafuta herufi moja moja kwenye simu, shule niliishia la pili, mnivumilie.)

Kuna shoga yangu anaitwa Bi Tatu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa hapa Bagamoyo. Hatusemezani tangu Idi ya Kuchinja. Sababu ni melimeli.

Watoto wa sasa melimeli hamuijui. Mnavaa minguo inayonata kama mpira, jasho linawachuruzika mpaka visiginoni. Melimeli ni pamba tupu, laini, nyepesi, ukiinua juani unauona mkono wako upande wa pili. Joto la kaskazi hili ukiivaa upepo unaingilia huku unatokea kule, utadhani hujavaa kitu, na umejisitiri! (Mradi uwe na gagulo ndani. Msisahau gagulo.)

Basi Bi Tatu aliniazima gauni lake la melimeli. Kabla ya kumrudishia nikalipiga pasi ya mkaa, mdomo nao unapiga soga. Cheche ikaruka. Tundu la kupita dole gumba, mgongoni kabisa! Nikalikunja vizuri, tundu likabaki ndani, nikarudisha. Alipoliona akanijia juu.

"Kidawa, umeniunguzia gauni."

"Miye? Panya wako hao."

"Apa."

Nikaapa. Wallahi nikaapa! (Najua. Msinisute, nimeshajisuta.)

Tangu siku ile moyo wangu hauna raha. Kiapo cha uongo, na haki ya mtu iko shingoni. Juzi nikasikia Bi Tatu ana homa kali. Nikasema kesho nakwenda kumtaka radhi. Kesho ikafika, nikaona aibu, nikasema kesho.

Leo sasa. Baada ya adhuhuri, jua la kupasua kichwa, napita nyuma ya ua wake nakwenda kununua dagaa. Nikasikia, chraaaa! Kitambaa kinachanwa. Nikasimama. Chraaaa! Tena.

Kwetu sisi mnajua nguo gani inachanwa kwa mkono namna ile. Sanda.

Nikajipa moyo, nikachungulia kwenye makuti ya ua. Jiko la mafiga linawaka. Sufuria kubwa, ile ya shughuli, imejaa maji yanafuka moshi. Mlangoni kandambili za wanawake, chungu nzima. Na upepo ukaniletea harufu. Kafuri! Harufu ya maiti!

Bi Tatu amekufa. Amekufa na haki yake, na muda huu anakwenda kunishitaki kwa Mola!

Barazani kwake, mbele ya njia, kulikuwa na Mzee Shomari, jirani yetu, anacheza bao na wenzake. Nikawafikia natweta.

"Mzee Shomari, Tatu hatunaye."

"Tatu yupi?"

"Tatu gani mwingine! Huyu huyu wa hapa!"

"Inna lillahi! Saa ngapi?"

"Wewe unauliza saa, maji ya kumwoshea yako motoni!"

Wakainuka, kete zikamwagika, wakaenda mbio upande wa msikitini. Mimi nikajifunga kanga kiunoni nikaingia na kilio.

"Mama weee! Tatu weee! Umeniacha na nani!"

Ukumbini wanawake kama sita wamekaa mkekani, nguo nyeupe zimetanda mapajani mwao. Wakanikodolea macho. (Nikadhani wanastaajabu mapenzi yangu.) Sikumsalimu mtu. Nikapita moja kwa moja mpaka kibaraza cha uani, na kweli, pale kwenye mkeka amelazwa. Amefunikwa nguo nyeupe, utosi mpaka kidole cha mguu. Hatikisiki.

Nikamwangukia miguuni. Nikaishika. Ya baridi!

"Tatu, nisamehe! Gauni nililiunguza mimi! Si panya! Niliapa uongo! Usinishitaki shoga yangu, nina presha, nina sukari, adhabu ya kaburi nitaiweza wapi!"

Wale wanawake wamejaa mlangoni, wanasikia. Woga ukanisemesha hata yale ambayo hakuna aliyeyauliza.

"Na ule mchuzi wako wa pweza nilisema una chumvi, haukuwa na chumvi! Ulikuwa wivu tu!"

Nguo ikatikisika. Ikainuka upande wa kichwa.

"Kidawa."

Nyie! Niliruka kinyumenyume, nikaja kukaa kitako ndani ya beseni la uji mzito, mweupe, vuguvugu. Nikapiga shahada humo humo ndani ya beseni.

"Kidawa, njoo hapa. Nani kaunguza gauni?"

"Tatu, wewe mzima?"

"Nilikuwa nimelala! Homa imeniacha jana, joto likanizidi, nikalowesha kipande cha melimeli nikajifunika. Hata kulala siruhusiwi?"

Bintiye, Zuwena, akaja kuniinua, anajing'ata mdomo asicheke. "Shikamoo mama mkubwa. Tunashona sare za harusi ya kule Kiwangwa, ni Jumamosi. Melimeli si inachanwa ili ifuate uzi wake? Na hayo maji ya kupikia wanga wa kukazia nguo, na hilo ulilokalia ndio wanga wenyewe, tumeuweka upoe."

"Na kafuri?"

"Tuliiweka sandukuni, kitambaa kisiliwe na wadudu."

"Wadudu au panya?" Bi Tatu akauliza.

Kicheko kilichopigwa hapo, nadhani hata kule Mapinga walikisikia. (Na mimi melimeli nimeivaa tangu mwali! Kuchanwa nakujua, wanga naujua. Hofu ilifuta vyote.)

Bi Tatu hakucheka. Akanitazama. Akanitazama tena. Wallahi niliogopa kuliko alipokuwa maiti.

"Miezi yote hii," akasema, "nimetega mitego ya panya nyumba nzima. Sijanasa hata mmoja."

"Nisamehe, Tatu."

Gauni langu nyuma limeanza kukauka, gumu kama bati, kuketi siwezi, kuondoka siwezi. Mwisho akashusha pumzi. "Haya, nimekusamehe. Gauni, kiapo, na pweza."

Machozi yakanitoka, ya kweli safari hii. Kifua kikawa chepesi kama melimeli yenyewe. Ndio kwanza namkumbatia, tukasikia nje sauti ya Mzee Shomari.

"Hodi wenyewe! Poleni sana. Tumeleta jeneza. Na makaburini vijana wameshaanza kuchimba."

Zuwena akanitazama. Wanawake wote wakanitazama. Bi Tatu akajitanda melimeli yake nyeupe, mbichi, akaenda mlangoni mwenyewe.

"Karibuni. Mmemfuata nani?"

Jeneza likaanguka. Mzee Shomari, na mguu wake ule mbovu, sijawahi kumwona anakimbia vile.

Bi Tatu akarudi ndani taratibu, akanielekezea kidole. "Ya gauni nimesamehe. Hii ya jeneza, bado."

Kwa hiyo kesho asubuhi nakwenda tena kutaka radhi. Mkinikuta njiani nisalimieni tu kwa heshima, kucheka mkachekee majumbani kwenu.