Pipa la Mzee Eladio

Ijumaa, 10 Mei
Roi tena! Kakaa meza ya kona, chini ya mizabibu, anamsimulia Sabela habari za pampu anazouza. Na Sabela anacheka! Mimi nilikunywa mvinyo wa baba yake, Mzee Eladio, nikamshukuru, nikaondoka. Karani wa manispaa, msomi mzima, ulimi umeganda! Usiku wa mioto ya Mtakatifu Yohana, sikukuu ya Juni, unakaribia. Lazima nimwalike Sabela twende pamoja kabla Roi hajamwalika.

Nimepata njia. Hapa Salnés nyumba huuza mvinyo wake yenyewe, na tawi la mlaureli hukaa langoni kama ishara mpaka pipa likauke. Likikauka, tawi hushushwa, wateja kwao. Roi ni mteja. Basi pipa likauke!

Jumamosi, 11 Mei
Peke yangu siwezi. Nilisinzia mezani. Mzee Eladio akanifunika koti lake, akawaambia watu kwamba kijana huyu anaupenda mvinyo wake kwa dhati.

Jumapili, 12 Mei
Nimeleta kundi zima la wapiga zumari! Niliwaahidi ziara ya kuonja mvinyo wa Salnés, vituo vitano. Vyote kwa Eladio. Chini ya mizabibu nikasema huu ni wa bondeni, una harufu ya tufaha. Kando ya kisima nikasema huu ni wa pwani, sikieni chumvi. Mpiga ngoma wao, mama mmoja aitwaye Obdulia, akanishika bega: “Kijana, huu ni uleule. Haya, tupeleke kituo cha sita!”

Wakapiga zumari na ngoma, majirani wakaja, hata mimi nikacheza. Mimi! Mzee alitokwa machozi ya furaha.

Jumatatu, 13 Mei
Tawi limeshushwa! Nilipita pale nikiimba. Lango limefungwa. Ndipo nikakumbuka: mimi pia ni mteja.

Tena ndani alikuwemo Roi, mikono ya shati kaikunja, anaosha pipa kwa pampu yake. Kaitwa na mzee mwenyewe!

Sabela akaniona. “Wewe Fiz, unahesabu mawe ya ukuta?” Nikajibu kwamba manispaa inahakikisha tawi limeshushwa. Alicheka mpaka akaegemea lango. Eti aliyemletea baba yake sherehe kama ile hahitaji tawi ndipo abishe hodi. Nije kula Jumapili!

Jumapili, 19 Mei
Sabela kaniketisha ubavuni pake. Labda viti vilipungua. Lakini Roi naye kaalikwa, ndiyo shukrani ya pampu! Mezani palikuwa na pai moja kubwa ya kome. Nikawaza: pai ikiisha, mgeni hana budi kuaga. Nikaila kwa bidii. Katikati ya kazi hiyo Sabela akauliza nitampitia saa ngapi usiku wa mioto. Mdomo ulijaa, niliitikia kwa kichwa tu. Roi hakuondoka. Mama yake Sabela akatoa pai nyingine mbili.

Kosa nimeliona: nilikwenda nimeshiba. Kwa Jumapili ijayo nitafunga tangu Ijumaa.