Iafoni Zilizokufa za Profesa

Kach.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, ya kitu chepesi chini ya kisigino kizito, na chumba kilikuwa giza kwa kuwa alfajiri ilikuwa bado inajishauri.

"Umekanyaga nini?" mkewe aliuliza ndani ya shuka.

"Ofisi," alijibu Profesa.

Hakutania. Ofisi za watu wengine zina meza na feni. Ya Profesa, kama soko lilivyomwita, ilikuwa waya mweusi na vitufe viwili vya kuchomeka masikioni. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la nguo, na juu yake aliandika "Hospitali ya Simu na Iafoni", ingawa hajajulikana bado mgonjwa aliyetoka pale mzima. Ukimpelekea iafoni zako, atazigeuza, atazipuliza, atavua miwani yake ya mapambo, kisha atatamka kwa sauti ya msibani, "Zimekufa, dada. Pole sana." Hapo ndipo atakapokuchomeka zake. Muziki utakuingia mtamu mpaka ufumbe macho. "Za aina hii hii ninazo mpya," atasema, nawe utalipa, na nyumbani utafungua pakiti usikie nzi ndani ya kopo. Zile zako zilizokufa? Zitasuguliwa kwa mswaki jioni hiyo hiyo, nazo zitafufuka.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya siku. Mtunza stoo wa chuo cha lugha alitaka pakiti arobaini. Mtu mwenye heshima zake: alitaka bei ya chini na risiti ya bei ya juu. Sharti lake lilikuwa moja, kuzisikiliza kwanza kwa masikio yake. Angefika saa nne asubuhi. Profesa alikuwa amekwisha kumwahidi mkewe godoro jipya.

Kulipokucha alizijaribu. Sikio la kushoto kimya. La kulia lilikoroma. Atengeneze au anunue nyingine? Kununua hakuwezekani, maduka yaliacha kuleta za aina ile, zilizobaki mjini ni zile feki zake zilizofanana nazo kama pacha. Kutengeneza napo palikuwa na kikwazo kidogo: mganga mkuu wa hospitali hakujua kutibu.

Basi akavua miwani asijulikane, akaenda mpaka mwisho mwingine wa soko, kwa dada mmoja ambaye watu walimwita Mama Fundi. Alijifunza ufundi darasa la jioni, mtoto mgongoni, na cheti chake alikibandika ukutani kikiwa ndani ya nailoni kisiingie vumbi. Mtoto mwenyewe sasa alikuwa na miaka mitano, amekaa juu ya katoni, anapanga skrubu kwa ukubwa.

"Shikamoo, mjomba," alisema mtoto.

"Marahaba, mama."

Mama Fundi alizipima kwa mita, akafungua kitufe kimoja, akachungulia kwa lenzi. "Kaka, hizi zimekanyagwa?"

"Hata kidogo."

"Basi sijui kilichozipata, ila zimekufa. Pole sana."

Profesa nusura acheke. Pole sana! Kwa sauti ile ile ya msibani! Huyu dada kasomea wapi?

"Wewe zitengeneze tu, bei tutaelewana."

"Nitakuwa nakuibia, kaka. Spika zote mbili zimepasuka." Akavuta droo. "Nina zangu za aina hiyo hiyo, ndizo nilizosomea mtihani. Niachie hizo nichukue plagi yake, uniongezee kidogo, nikupe hizi. Jaribu."

Akajaribu. Muziki ukamwingia kama asali kwenye uji. Alipozinduka alikuwa amefumba macho, na akaogopa, maana uso aliokuwa nao aliufahamu vizuri. Ni uso wa wateja wake.

Akapiga hesabu yake haraka. Fundi akisema zimekufa, maana yake ziko hai. Hilo alilijua kwa miaka saba ya utumishi. Akikusikilizisha kitu kitamu, hicho sicho utakachoondoka nacho. Kwa hiyo zake zilikuwa nzima, labda uchafu tu, na dada huyu mpole alizitamani. Kisigino chake mwenyewe kilikuwa shahidi, lakini nani huuliza kisigino? Mtu mwongo ana mkosi mmoja: hata ukweli ukimpigia hodi, yeye huchungulia dirishani kwanza.

"Sawa," akasema. "Funga."

Alilipa bila kuomba punguzo. Mama Fundi akaweka jozi zote mbili mezani, yake upande wa Profesa, ya Profesa upande wake, akainama kutafuta kipakiti. Kuinama huko kulitosha. Vidole vya Profesa vilipita juu ya meza kama upepo, jozi ya kushoto ikawa kulia, ya kulia ikawa kushoto. Mama Fundi akainuka, akafunga, akamkabidhi. Profesa akamshukuru kwa huruma kabisa, kama mtu anayemwacha mwenzake kwenye foleni ndefu.

Kibandani alimkuta mtunza stoo amekwisha kuketi, kabahasha kanene mfukoni. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu. Akamchomeka, akabonyeza muziki, akasubiri macho yafumbike.

Macho yalikodoka.

"Sisikii kitu."

"Mzee, sauti ya kisasa huanza polepole."

"Huku kimya. Huku kuna chura." Mtunza stoo akazichomoa, akajifuta sikio kwa leso. "Kijana, hizi zimekufa." Akaondoka na bahasha yake, na godoro la mke wa Profesa likaondoka naye.

Profesa alifika kwa Mama Fundi anahema. Wateja wanne walikuwa wamesimama pale.

"Dada, umeniuzia mbovu! Watu wote washuhudie!"

Wakageuka kushuhudia. Mama Fundi akazipokea, akazitazama, akagusa kitufe alichokifungua mwanzo.

"Kaka, hizi ndizo ulizokuja nazo. Na mimi tangu uondoke nashangaa zile mbovu ulizoniachia zinaimba." Akamtazama bila hasira. "Nilikufungia zilizokuwa upande wako. Sasa hizi zilifikaje upande wako?"

Wateja wakasogea karibu. Mtoto aliwatazama watu wazima mmoja mmoja. Tangu shikamoo ile alikuwa hajasema neno kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Mjomba alizibadilisha wakati Mama ameinama," alisema.