Kamera Mbili na Nyumba ya Bigwa

Leo aibu imenikuta sebuleni kwa watu, nimekaa kwenye kochi lao, soda yao mkononi. Nawaandikia kutoka intaneti kafe ya karibu na soko, na dakika nilizolipia ni chache, kwa hiyo herufi zikipishana mnisamehe.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu: mimi ni dalali wa nyumba. Mnajua pia kwamba tangu mwaka huu uanze nanyang'anywa wateja na yule dalali wa Kihonda anayewatumia watu picha kwa imeili. Picha zenyewe anapiga kwa simu, na nyumba zinatoka kama zimefunikwa na ukungu. (Ukungu unapendeza juu mlimani. Jikoni kwa mtu, hapana.) Lakini mteja akiwa mbali, picha mbaya inamfikia kabla ya maneno yangu mazuri. Nikaapa kununua kamera ya dijitali. Na nikaapa kwamba sitaichagua dukani kwa macho tu, nitaijaribu ndani ya nyumba halisi.

Enzi za baba yangu ukitaka picha ulikwenda studio, na hata pazia la nyuma ulichaguliwa. Siku hizi muuza vitenge naye ana kamera kwenye shubaka. Mimi nilikwenda kwa Bwana Salimu, muuza vifaa vya umeme, kwa sababu nyumba anayoishi nilimtafutia mimi. Akaniwekea mbili mezani. Moja ndogo, ya rangi ya fedha. Nyingine nyeusi, nene, ina kidude cha kuzungusha juu chenye michoro mingi.

"Chukua hii ndogo, dada Konso," akasema. "Inavuta mbali mpaka unaona majani ya mgomba kule juu Uluguru."

"Mimi sipangishi migomba, Bwana Salimu. Nataka chumba kizima kiingie kwenye picha."

"Basi ni hii nyeusi, lenzi yake pana. Ila ina mambo mengi. Soma kitabu chake kwanza."

"Nitasoma," nikasema.

(Sikusoma.)

Akaniruhusu kuondoka na zote mbili mpaka alasiri, pamoja na waya wa kuunganisha kamera na tivii. Nikampitia Shabani, dalali mwenzangu, tukaenda Bigwa kwa mzee mmoja, Baba Yustina. Huyu ni mstaafu wa reli, na yeye na mkewe wanataka kupangisha nyumba yao kubwa wahamie ile ndogo ya uani. Mpangaji nilikuwa nimeshampata: mhadhiri wa chuo, mama mmoja makini ambaye wote tunamwita Dokta. Nyumba ameshaizunguka mara moja na ameipenda. Kilichobaki ni mumewe, aliye masomoni Ulaya, aione kwa picha ndipo akubali. Yaani picha zangu ndizo zingemaliza biashara, au zingeiua.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sisi tunakwenda kumwona mgonjwa hapo jirani," akasema Mama Yustina. "Nyumba hiyo, jisikieni kwenu."

Sasa haya maneno ya kujisikia kwetu, mimi niliyachukua kama yalivyo.

Nikaanza na ile ndogo. Nikasimama mlangoni mwa sebule, nikapiga. Ukaingia mkono wa kochi na nusu ya kalenda. Nikarudi nyuma hatua moja, likaingia kochi. Nikarudi tena, ikaingia meza. Nikasema nyumba hii lazima iingie yote, hata kama nitapigia barabarani. Nikaendelea kurudi kinyumenyume, jicho kwenye kioo cha kamera, mpaka ngazi za barazani zikaisha na mimi nikaketi kwenye tuta la mchicha la Mama Yustina.

Shabani akanitazama. "Imeingia?"

"Nimeingia mimi," nikamjibu. Nikajipangusa, tukahamia kwenye ile nyeusi.

Kidude cha juu nilikizungusha mpaka kwenye mchoro niliodhani ni wa nyumba. Nikabonyeza. Sebule nzima ikaonekana, kona kwa kona, dari na sakafu. Jamani, niliipenda hiyo kamera papo hapo. Haikulia hata mlio wa kupiga picha, nikajua vitu vya maana ndivyo vilivyo, vina adabu. Kulikuwa na kinukta chekundu kinawaka na kuzima pembeni. Nikadhani ni betri.

Tukazunguka. Na mnajua madalali wawili wakiachwa peke yao ndani ya nyumba.

Kwenye korido nikasema, "Rangi hii ya kijani aliichagua nani, alikuwa na homa?" Shabani akacheka. Chooni nikasema ukikaa, magoti yanapiga hodi mlangoni. Tukafika chumba cha kulala cha nyuma, na huko ukutani tukakuta baka la unyevu, kubwa kama mkeka. Ni nyumba ya chini ya mlima, maji yanashuka yenyewe ardhini. Siku Dokta alipozungushwa lilikuwa limezibwa na magodoro.

"Hili mume wa Dokta akiliona, kwisha," akasema Shabani.

"Haoni," nikasema. "Shika kabati huku."

Nikaiweka kamera kwenye kizingiti cha dirisha. Tukalisukuma kabati mpaka likaliziba lile baka. Katika kusukuma, boksi likaanguka kutoka juu ya kabati, na ndani yake kulikuwa na kofia. Kofia kubwa ya zambarau yenye ua, ya Mama Yustina ya kuvaa kwenye harusi za watu. Sijui shetani gani alinipitia. Nikaivaa. Nikamtupia Shabani mtandio begani kama mgeni wa heshima, nikaanza kuigiza sauti ya Mama Yustina, ile yake ya kuvuta maneno puani: "Karibuniii, jisikieni kwenuuu. Ukuta msiuguse tu, unaliaaa."

Shabani alicheka mpaka akakaa chini. Tukarudisha kila kitu, nikapiga vyumba vilivyobaki, kazi ikaisha.

Wenyeji wakarudi, na Dokta naye akafika kama tulivyopatana. Mama Yustina akatugawia soda.

"Basi hizo picha tutaziona lini?" akauliza Mzee.

Hapo ndipo nilipotaka kujionyesha. Nikatoa waya wa Bwana Salimu, nikauchomeka kwenye tivii yao. Wote wakakaa. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Mtaona lenzi pana inavyofanya kazi."

Sebule ikatokea. Nzuri sana. Halafu ikaanza kutembea.

Mimi nikafikiri tivii ni mbovu. Kisha nikajisikia nikiuliza ile rangi aliichagua nani, alikuwa na homa. Nikabonyeza kitufe cha kuzima, ikaongeza sauti. Shabani akaanza kuangalia viatu vyake.

"Niliichagua mimi," akasema Mama Yustina polepole.

Ikaja ya choo na magoti yake. Nikabonyeza vyote kwa pamoja. Video ikaruka mbele, na ilikoruka ni chumbani. Kabati likaonekana linasukumwa, na sauti yangu inasema "Haoni." Halafu boksi. Halafu mimi, nimevaa kofia, nimebinua midomo, nawakaribisha watu.

Nikauchomoa waya kwenye tivii. Nilikuwa nimechelewa, yote yalishasemwa.

Soda yangu ilikuwa bado mkononi na sikujua niinywe au niiweke. Nikapiga goti mbele ya Mama Yustina. "Mama, nisamehe. Nimekukosea ndani ya nyumba yako."

Akanitazama kichwani. "Kofia imekukaa," akasema. "Ila umeivaa mbele nyuma." Kisha akaanza kucheka, kicheko cha puani hivyo hivyo, mpaka akashika ubavu.

Mzee yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Dokta, na aibu yake ilinichoma kuliko yangu. "Ule ukuta, Dokta," akasema, "nilitakiwa kukwambia mwenyewe. Magodoro niliyaweka mimi."

Dokta akaweka chupa mezani. "Mzee, nimezungushwa nyumba nyingi hapa mjini. Zote zilikuwa kavu, kwa maneno. Hii angalau najua inalowa wapi. Tengeneza huo ukuta, nami nitahamia."

"Fundi anaanza wiki hii," Mzee akajibu.

"Na wewe, Konsolata," Dokta akanigeukia, "hiyo uliyorekodi usiifute. Mume wangu ataiona nyumba yote, na huko aliko hana cha kumchekesha."

Yaani sura yangu na ile kofia vinakwenda Ulaya.

Alasiri nikarudi dukani. Ndogo nikairudisha, nyeusi nikaishikilia.

"Umeamua hiyo?" Bwana Salimu akauliza. "Picha zake zimetokaje?"

"Picha sina hata moja. Lakini sauti yake, Bwana Salimu, haina mpinzani."

Kesho narudi Bigwa kupiga picha zinazokaa kimya. Sasa hivi nipo ukurasa wa pili wa kile kitabu. Atakayecheka, siku akihama asinitafute.