Tanipu ya Mama Nsimire

Jumatatu, 19 Mei

Nimepiga magoti bustanini asubuhi, baridi ya Minto, mji wetu huku ugenini, inaning'ata masikio. Lo! Majani ya tanipu zangu, mboga hizi za mizizi ya mviringo, yanafika magotini! Mbegu ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, Mungu akaifanya hivi. Nusura nilie. Nilitia samadi ya kuku, mifuko sita!

Tarehe mosi Juni ni sikukuu ya mavuno kanisani. Mwenye zao kubwa kuliko yote ndiye anayeongoza maandamano kwenda madhabahuni. Mwaka jana nilipeleka karoti za dukani, nikasahau kubandua lebo. Watu walicheka mpaka baraka ya mwisho. Mwaka huu lazima nisafishe jina.

Jumanne, 20 Mei

Mpinzani ni mmoja tu: jirani yetu Mama Nsimire, mjane wa Bukavu. Nimechungulia juu ya uzio. Tanipu yake moja imetoa mabega nje ya udongo, ya zambarau, kama kitu kinachotaka kuamka. Halafu nikapata mbinu: nitamwomba majani ya mboga kila siku. Tanipu bila majani itanenepa vipi? Nimeanza leo.

Jumamosi, 24 Mei

Siku ya tano. Hata haulizi. Anachuma majani ya nje, ananijazia mfuko, ananiita mwana wangu, anaongeza na pilipili. Mke wangu Brigitha kauliza kwa nini tunakula mboga ya jirani na yetu imejaa. Nikamwambia ni ujirani mwema.

Na tanipu inazidi kunenepa! Naiogopa sasa.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeng'oa zangu. Zote. Chini ya majani yale, mizizi kama mikia ya panya! Nikakaa juu ya ndoo. Mama Nsimire akaja uzioni, akasema taratibu kwamba samadi ikizidi, mmea unakimbilia majani na kusahau mzizi. Kisha akaomba majani yangu, awapikie kanisa zima.

Jumapili, 1 Juni

Mgongo unamuuma Mama Nsimire, akaniomba nimbebee tanipu yake. Nzito kama mtoto mchanga! Nikatangulia, yeye kando yangu, kwaya ikiimba. Hakuna aliyecheka. Mzizi mmoja tu, na mimi mtu mzima! Machozi yalinitoka, nakiri.

Mchana watu waliongeza mboga ya majani yangu mara tatu.

Jumatatu, 2 Juni

Nimefikiri vizuri. Hakuna mtu anayetoa siri yake bure namna ile. Alinipotosha makusudi kuhusu samadi. Nimenunua mifuko kumi na miwili ya samadi ya kuku. Jioni nakwenda kumwomba mboga.