Mshumaa, Tone la Maji na Vazi la Shangazi

Jumatatu, 6 Juni

Wiki ya tatu tangu nimalize shule. Baba ametoa hukumu: Jumatatu ijayo naenda dukani kwa Mjomba kuuza chakula cha kuku. Mimi! Dukani kwa Mjomba mtu anaita wateja kwa sauti tangu asubuhi. Mimi hata nikiitika "abee" watu huniomba nirudie.

Tumaini langu ni Shangazi. Kwenye bwawa la kuogelea anatafutwa mtunza taulo, na taulo hazina maneno. Shangazi ameahidi kwamba akishinda mashindano ya Jumamosi, mita hamsini mtindo wa chura, wanawake wa miaka hamsini hadi hamsini na nne, atamkabili kaka yake aniombee ruhusa. Akishindwa, nisahau. Mshindwa hana mdomo, kasema.

Tatizo: miaka minne mfululizo Shangazi ni wa pili. Wa kwanza ni yule muuza dawa, jina lake la bwawani Injini. Leo kaja na vazi jipya, jeusi, linang'aa. Dakika arobaini kulivaa! Wanawake wawili walimshindilia humo kama mto kwenye foronya. Shangazi akauliza kama huko ndani bado anapumua. Injini akamjibu, pole dada, wewe kaa nyuma kama kawaida, utakula mapovu.

Jumanne, 7 Juni

Nimesoma kanuni za mavazi. Kumbe waogeleaji wa ridhaa nao wanabanwa kama mabingwa wa dunia! Kitambaa tu, mpira marufuku. Zipu marufuku. Lisishuke chini ya magoti. Vazi moja, si mawili. Nimerudia mara tatu. Mshumaa hautajwi popote.

Basi Shangazi alipokwenda kazini (anafundisha udereva, ndiyo maana hata mezani husema "breki!"), nikalisugua vazi lake la mashindano kwa mshumaa kutoka kifuani hadi gotini. Nikatandika gazeti juu, nikapiga pasi. Sasa maji yanateleza kama kwenye jani la mgomba! Limekuwa gumu kidogo. Linasimama lenyewe. Sijamwambia. Zawadi haipigi hodi.

Nusu ya mshumaa imebaki. Nimeiweka akiba.

Alhamisi, 9 Juni

Mkaguzi wa mavazi, muuguzi mmoja, kaenda likizo. Nikamwandikia Meneja wa bwawa barua ya kuomba nafasi hiyo, nikaipenyeza chini ya mlango wake. Akafungua mlango papo hapo. Mimi bado nimepiga magoti! Akauliza kama naweza kusoma maandishi madogo. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama naweza kusema. Nikatikisa tena. Nimepewa!

Nia yangu ni moja: kumnasa Injini. Lile vazi lake haliwezi kuwa kitambaa. Lakini nitawashikaje watu wazima nguo zao mwilini? Nitakufa kwa haya. Nikafikiri mpaka chai ikapoa. Tone la maji! Kitambaa hunywa, mpira haunywi. Simgusi mtu, tone ndilo linalosema.

Meneja kafurahi, kabandika tangazo: vazi lisilokunywa tone ndani ya sekunde tano, nje! Injini mwenyewe katoa kichupa cha kudondoshea dawa kutoka dukani kwake. Maskini, kajichongea.

Ijumaa, 10 Juni

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Samahani, naomba nikudondoshee tone." Mara thelathini. Sauti imetoka mara nne.

Jumamosi, 11 Juni

Siku ya mkosi.

Foleni ndefu. Injini mbele. Nikamdondoshea. Tone likazama kama halikuwahi kuzaliwa! Nikaongeza jingine. Likazama. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, nilale chali unimwagilie ndoo?

Aliyefuata, Shangazi. Alikuwa analalamika kwamba leo vazi linambana kama mkanda wa gari. Hapo ndipo nilipokumbuka. Hapo! Nikataka kurudisha mkono, tone likaanguka lenyewe. Likateremka kifuani, likapita tumboni, likakata kona gotini, likatua sakafuni. Foleni nzima ililisindikiza kwa macho. Meneja akaamuru nirudie. La pili likashuka kasi zaidi.

Meneja akampa dakika kumi abadilishe. Injini akajitolea kumwazima vazi lake la akiba. Shangazi akasema afadhali gunia. Akaingia kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa bwawani, akatoka na vazi la njano lenye sketi. Majini ile sketi ikafunguka kama mwavuli. Walikuwa wanne. Akawa wa nne.

Nililia chooni. Nilipotoka, Meneja alikuwa ananingoja. Akanishika mkono mbele ya watu: binti asiyemwonea haya hata shangazi yake, huyo hanunuliki! Nimeajiriwa. Si taulo. Mkaguzi!

Jumapili, 12 Juni

Baba anatembea na jina langu mtaa mzima. Shangazi kakwangua nta kwenye vazi lake, anaapa kwamba Injini ndiye aliyeipaka. Nilikwenda kuungama. Nikafika kwenye "Shangazi..." Akafoka, nini tena? Nikasema breki za baiskeli yangu zinalia. Kaja kuzitengeneza! Moyo umenichoma kwelikweli. Akaniambia si kosa langu, kazi ni kazi, ila yeye haogelei tena mpaka haki itendeke.

Nimeapa mbele ya Mungu: hila basi.

Jumatatu, 13 Juni

Siku ya kwanza kazini. Nimekabidhiwa funguo za chumba cha kuanikia mavazi. Vazi la Injini liko msumari wa nne.

Shangazi nimemkosea, lazima nimtengenezee. Hii si hila, ni fidia. Mashindano yajayo ni mwezi ujao, na mkaguzi ni mimi, nani atanishuku? Na nusu ya mshumaa ipo, kuitupa ni dhambi.

Nimelileta vazi nyumbani kwa ukaguzi zaidi. Pasi inapata moto.