Nusu Mlango kwa Kompyuta

Jumatatu, 3 Februari 2025
Bi Tahiya anakarabati nyumba ya babu yake mtaa wa Malindi na anataka milango kumi na miwili ya kuchonga. Nimpe mmoja wa mfano. Haroub, mwenye karakana inayotazamana na yangu, naye ampe mmoja. Mshindi anachukua yote. Michoro itoke kwenye kompyuta, kwani siku hizi unapeleka faili tu mtaa wa Ng'ambo, mashine inachonga. Pandu, fundi pekee aliyenibakia, kasema tukikosa kazi hii anahamia kwa Haroub. Kasema kwa upole. Upole wake ndio ulionitisha.

Jumanne, 4 Februari
Muzdalifa, mtoto wa dada yangu anayesoma chuo Tunguu, kaniwekea programu ya bure. Eti kipanya kinatosha, na Haroub anachorea hicho hicho. Basi sikitaki. Nimekwenda Paje, nimenunua kibao cha kuchorea na kalamu yake kwa Mzungu anayerudi kwao.

Alhamisi, 6 Februari
Mkono unakwenda kulia, mstari unakwenda kushoto. Asubuhi nzima nimepata ua moja, nalo kama pweza. Haroub kachungulia dirishani: "Bwana Kheir, mlango huo wa soko la samaki?" Nimeziba dirisha kwa gazeti.

Jumamosi, 8 Februari
Nimegundua kitufe cha kioo. Unachora ubao wa kushoto, programu inakuchorea wa kulia. Nusu ya kazi! Pandu kaomba auone mchoro kabla haujakwenda kwenye mashine. Nimekataa. Pandu ana mdomo, Haroub ana masikio. "Haya, bwana," kasema, akaendelea kunoa patasi ambayo tayari ilikuwa kali.

Jumatano, 12 Februari
Mlango nimeufuata mwenyewe Ng'ambo, nikauzungushia blanketi mpaka Malindi. Pandu kaupachika, Haroub kasimama pembeni, mikono nyuma. Mlango haukufungika.

Kila mlango wetu una mfaa, ule mti wa katikati unaokaa kwenye ubao mmoja tu kufunika ufa. Nilichora mmoja, kushoto. Kioo kikanipa wa pili, kulia. Mfaa ukagonga mfaa, na katikati paka akapita bila kujibana. Bi Tahiya kasukuma mara tatu. Pandu ndiye aliyesema, tena taratibu: "Ningeuona, ningekwambia."

Ijumaa, 14 Februari
Kazi yote kapewa Haroub. Pandu kafunga vyombo vyake kwenye kanzu kuukuu, kaniaga kwa heshima, kavuka njia. Hatua kumi na moja.

Bi Tahiya, kwa huruma, kasema mlango wangu atautundika ukutani, pambo la ukumbi. Nimelifikiri neno hilo tangu sala ya Ijumaa. Watalii wanaojaa mitaani humu wanapiga picha milango kutwa. Sijamwona hata mmoja akiifunga.

Nimeagiza mbao za milango ishirini ya kutundika ukutani. Haroub na abaki na hiyo yake inayofungika.