Korongo Watatu wa Ukoo wa Tilworth

Jumatatu, 22 Oktoba 1386
Thomasine Pennick amenitazama kipindi kizima cha Kilatini. Shule yote ya masista inajua. Baba yake na baba yangu walikutana kwenye kambi ya vita, kila mmoja na ngao ya bluu yenye korongo watatu weupe. Sasa wanashtakiana kwenye mahakama ya mfalme. Ngao moja haiwezi kuwa ya koo mbili. Baba akishindwa, korongo wetu watafutwa kila mahali, hata kwenye kaburi la mama, humu humu kwenye kanisa la shule. Fundi atakuja na patasi.
Thomasine amesema nisihuzunike, shoga yake, baba yangu achore kuku. Kuku hawagombaniwi.
Nina mpango.

Jumanne, 23 Oktoba
Mjumbe wa mahakama anakuja Alhamisi kutafuta ushahidi wa kale. Kaburi la mama ni jipya mno. Lakini sakristia, chumba cha vifaa vya ibada, ina kitambaa cha altare kilicholiwa na nondo, cha enzi za baba wa babu yangu. Hakina korongo. Watakuwepo.
Bendera ya baba inaning'inia karibu na kaburi. Nimejibanza nyuma yake, Sista Aldith asinione, nikanakili ndege wote vile vile nilivyowaona.

Jumatano, 24 Oktoba
Nimedarizi tangu alfajiri. Vidole vinauma. Uzi nimeuchovya kwenye bia ili uzeeke. Sista Aldith amenusa, akasema binti anayenukia bia kabla ya sala ya mchana ni wa kuombewa. Akaniombea papo hapo.

Alhamisi, 25 Oktoba
Mjumbe, Bwana Wymond, alikibusu kitambaa. Kisha akakitazama tena kwa karibu.
Akamuuliza baba huyo babu yake alipigana na nani. Baba akasema na Waskoti. Mjumbe akauliza basi mbona ndege wake wanawakimbia. Kwenye ngao, akasema, ndege hutazama kushoto kwa anayewaangalia. Hawa wanatazama kulia, wamempa adui mgongo.
Nyuma ya bendera. Nilinakili nyuma ya bendera.
Bwana Pennick alicheka mpaka akashika nguzo. Mjumbe akanusa kitambaa, akasema nyumba inayotengeneza ushahidi mmoja inaweza kutengeneza kumi. Baba hakunitazama.

Ijumaa, 26 Oktoba
Sista Aldith amekumbuka dirisha la zamani lililofunikwa na majani ya kutambaa. Wameyakata. Korongo watatu kwenye kioo, na chini yao jina la baba wa babu. Ni wa kweli. Sikuwagusa. Baba alikaa kwenye nyasi akalia kimya kimya.
Mjumbe amewaangalia akiwa ndani ya kanisa, akasema wanatazama kushoto sawasawa. Ila baada ya mambo ya jana hayaamini macho yake. Jumatatu atarudi na fundi wa vioo. Fundi akithibitisha, kesi imekwisha, korongo ni wetu.
Baba amenishika mabega. Mwanangu, akasema, usifanye kitu. Chochote kile. Nimeapa.

Jumapili, 28 Oktoba
Jana sikufanya kitu kabisa.
Lakini kile kioo kimekaa chini ya majani miaka yote, kinang'aa kama cha juzi. Fundi atakitilia shaka. Na kukipaka masizi kidogo si kufanya kitu, ni kukirudishia umri wake. Basi wenzangu walipokwenda kula nimeegemeza ngazi nje ya ukuta, nikapanda.
Kichwa cha korongo wa kati kimevunjika. Kipande kidogo tu. Nimeziba pengo kwa kioo kitupu, nikachora kichwa kipya kwa rangi ambayo masista huchorea vitabu. Safari hii nimekuwa makini: anatazama kushoto.
Cha ajabu, nikiwa pale pale nje juu ya ngazi, nimeona wenzake wawili wanatazama kulia. Fundi wa zamani alikosea, na mjumbe kwa uzee wake hakuona.
Bahati nzuri rangi ya kuwageuza hao wawili imebaki, na mjumbe haji mpaka kesho.